Muulize Fundi wa Rangi: Gitaa Jipya Limekuja na Doa

Barua nilizopokea safari hii karibu zote zina kilio kimoja. Mtu amenunua gitaa la umeme la bei kubwa, jipya kabisa, amefungua kasha, na kabla hajaligusa waya jicho limetua kwenye ila ya rangi. Ukurasa wote nimewaachia wao. Nimepuliza rangi miaka 19, ya kwanza 7 kwenye magari na 12 iliyofuata kwenye magitaa. Miaka 5 ya mwisho kazi yangu ilikuwa kusimama mwisho wa mstari, chini ya taa, nikisema hili lipite, hili lirudi. Niliwahi kupitisha moja lililopaswa kurudi. Habari zake ziko mbele, kwenye barua ya tatu.

*Shikamoo Fundi. Gitaa hili nimelisubiri miezi minane. Mbele ni jekundu la kupenya juu ya mti wa mepo wenye mawimbi, nyuma ni mahogani, pembeni lina ukanda wa plastiki wa rangi ya krimu, na rangi yake ni nitro (nitroselulosi, rangi ya utando mwembamba). Siku ya kwanza niliona zuri tupu. Siku ya pili nililisogeza dirishani nikaona mambo manne. Kuna kidoa kilichofifia, kama punje ya mtama, kati ya daraja linaloshikilia nyuzi na ukingo. Wekundu umevuja kwenye ukanda upande wa pembe ya chini. Nyuma, eneo la ukubwa wa kiganja, uso una vibonde kama ganda la chungwa. Na karibu na swichi kuna chembe ya vumbi iliyonaswa ndani ya klia, ule utando wa juu usio na rangi. Aliyeniuzia ananiambia, "Kazi ya mikono ndivyo ilivyo, kizuri hakikosi kasoro." Sitaki kuonekana msumbufu, lakini fedha niliyotoa ni nyingi. Nirudishe?*
Mwenye gitaa jekundu

Marahaba. Usumbufu hapo siuoni. Methali uliyotupiwa ni ya kweli, ila ina mahali pake. Mwenye chombo akiisema juu ya chombo chake, ni uungwana. Muuzaji akiisema juu ya chombo anachokuuzia, anakuomba ulipie kasoro kwa bei ya kitu kisicho na kasoro. Kampuni ya Gibson ilikuwa na desturi ya kugonga tarakimu 2 nyuma ya kichwa cha gitaa lililotoka na ila, mara nyingi ila ya mwonekano tu, na magitaa hayo yaliuzwa kwa bei ya chini. Basi watu wa ufundi huu wenyewe walikubali zamani kwamba doa lina gharama, na kwamba gharama hiyo hupunguzwa kwenye bei.

Kabla ya kuhukumu, tazama upya. Siku ya kwanza ulitazama kwa taa ya chumba, siku ya pili kwa dirisha, na ndiyo maana uliona magitaa mawili. Nawa mikono, kisha futa gitaa lote kwa kitambaa laini kikavu, kwa sababu mabaki ya polishi kwenye kona yamewahi kuniletea watu wenye machozi. Lishike umbali wa mkono ulionyooka, mwanga wa kawaida, dakika moja nzima bila kuligeuza. Kinachoonekana hapo ndicho atakachokiona kila mtu. Halafu zima taa ya juu, washa tochi na uilaze karibu iguse mbao, ili mwanga upite juu ya rangi kama jua la jioni linavyopita juu ya matuta ya shamba. Vibonde vyote vitajitokeza. Mwisho, tafuta kitu kilichonyooka, fremu ya dirisha au taa ndefu, utazame taswira yake ndani ya rangi. Usiitazame rangi yenyewe, tazama ule mstari: kama unapinda na kukatika, uso haujasawazishwa. Kamera ya simu iache kwanza. Inakuza punje hadi ikawa jiwe, na ukishalizoea jiwe hutaiona tena punje.

Sasa nichukue mambo yako manne, na nianze na lililo zito.

Kidoa kilichofifia. Kwenye rangi ya kupenya, kazi ya rangi huanzia ndani ya mbao. Fundi hupaka rangi ya maji au ya spiriti moja kwa moja juu ya mepo, mbao inakunywa, ndipo klia inapulizwa juu. Penye tone la gundi lililosahaulika mbao hainywi, na doa linabaki hafifu milele. Lakini usikimbilie gundi, kwa sababu mepo yenyewe ina mchezo. Mawimbi yake hugeuka: mstari uliokuwa mweusi ukitazama kutoka kushoto unakuwa mng'avu ukitazama kutoka kulia, maana nyuzi za mbao zimelala huku na kule na mwanga unazipiga tofauti. Basi lizungushe gitaa polepole mbele ya dirisha. Doa likigeuka pamoja na mawimbi, ni mbao, na mbao hiyo uliichagua mwenyewe. Likibaki pale pale, hafifu vile vile kwa kila upande huku mawimbi yakicheza kulizunguka, ni gundi.

Gundi iliyobaki chini ya rangi haina tiba ndogo. Klia yote ya mbele ivuliwe, mbao ipigwe msasa, rangi ipakwe upya. Mbele ya gitaa la bei yako, mimi ningelirudisha bila kumuuliza mtu. Kosa hilo hufanyika kabla bunduki ya rangi haijashikwa, na huonekana wazi kwa yeyote anayelowesha mbao kidogo kabla ya kupaka. Ni hatua ya dakika mbili. Aliyeiruka alikuwa na haraka.

Wekundu kwenye ukanda. Hapa nakuomba subira zaidi, kwa kuwa watu wengi hawajui kazi ile inavyofanyika. Katika viwanda vingi rangi hupulizwa juu ya mbao na ukanda kwa pamoja, kisha mtu huketi na kijembe kidogo chenye makali akakwangua rangi kutoka kwenye ukanda, inchi kwa inchi, kuzunguka mwili mzima. Mstari unaotoka hapo una pumzi ya mtu. Ukitikisika kwa unene wa unywele, hiyo ndiyo kazi ya mikono anayoisema muuzaji wako, na hapo namuunga mkono. Kitu kingine kabisa ni wekundu uliotawanyika ndani ya plastiki kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa. Rangi nyekundu ni mhamaji mkubwa kuliko rangi zote nilizowahi kushika, huingia kwenye plastiki na kijembe hakiitoi bila kuchimba. Angalia kwa kioo cha kukuza: je, mpaka una ncha kali iliyoyumba, au hauna ncha kabisa? Ulioyumba upitishe. Usio na ncha uandike kwenye orodha ya malalamiko, na upige picha leo ili mwezi ujao ulinganishe.

Nikiwa kwenye wekundu, kuna jambo hunigusa kila mara. Magitaa ya Gibson aina ya Les Paul yenye rangi ya machweo yaliyotengenezwa kati ya 1958 na 1960 yalipakwa nyekundu isiyostahimili mwanga. Mengi yamechujuka yakawa ya asali, ya chai, hata ya limau, na leo watu hulipa mali nyingi kwa kule kuchujuka. Wapo wauzaji wanaokisimulia kisa hiki wakitetea doa la gitaa jipya. Usikubali. Uzuri ule uliletwa na miaka, na wewe umelipia gitaa la leo.

Ganda la chungwa. Klia hutoka kwenye bunduki kama matone madogo, na matone yanatakiwa yalainike na kuungana kabla hayajakauka. Thina ikiwa kidogo, au upepo ukiwa hafifu, au mkono ukiwa mbali mno, hukauka kila tone na kilima chake. Si aibu, karibu kila tabaka la mwisho hutoka hivyo kwa kiasi fulani, na ndiyo sababu kuna kazi ya kupiga msasa wa maji na kusugua hadi uso uwe kioo. Kubaki kwa ganda la chungwa nyuma, ukubwa wa kiganja, kunaniambia aliyekuwa akisawazisha aliogopa kutoboa klia, au siku yake iliisha. Katika manne yako hili ndilo jepesi, maana liko juu ya uso na fundi mzoefu anaweza kuliondoa bila kupuliza upya, iwapo klia ya hapo ina unene wa kutosha. Lakini aliondoe fundi aliyetumwa na mtengenezaji, na agizo liwe kwenye maandishi.

Vumbi. Chembe moja kwenye gitaa zima, iliyozama, usiyoihisi kwa ncha ya kidole? Ningepitisha.

Kwa hiyo jibu langu linaning'inia kwenye doa moja. Kama ni gundi, rudisha au dai bei ipungue. Kama ni mbao, omba ganda la chungwa lisawazishwe kisha upige gitaa lako kwa furaha. Kwa vyovyote, andika wiki hii, kabla muda wa kurudisha haujapita na kabla kifungo cha mkanda wako hakijaacha mkwaruzo nyuma. Tuma picha tatu za kila kasoro: gitaa zima, umbali wa mkono, na karibu ukiwa umeweka rula pembeni bila kuigandamiza. Taja mahali kwa milimita kutoka kwenye skrubu au ukingo. Neno "limeharibika" liache. Mtu anayesoma "doa la milimita 2, milimita 22 kutoka kwenye nguzo ya daraja, halibadiliki kwa mwanga" hawezi kukujibu kwa methali.

*Gitaa langu la mahogani lilikuja likiwa kama kioo. Sasa lina miezi minne na nyuma nimeanza kuona mistari midogo midogo ya mbao, kama vile rangi inazama. Limebandikwa cheti kinachosema nitroselulosi. Nimeuziwa rangi mbovu?*
Msomaji wa muda mrefu

Hapana, na neno lako "inazama" ndilo hasa linalotumika karakanani. Mahogani ina vinyweleo vilivyo wazi, virefu, kama mikwaruzo ya sindano. Kabla ya kupuliza, fundi huvijaza kwa pati maalumu, anasugua, anafunika. Nitro nayo hukauka kwa kupoteza kiyeyusho chake tu, haina mmenyuko wa kuifunga kama poliesta, ile rangi ngumu ya aina ya plastiki. Tabaka jipya huyeyusha kidogo lililo chini yake, yote yanakuwa utando mmoja, na utando huo unaendelea kutoa kiyeyusho kwa wiki na miezi. Harufu tamu unayoisikia ukifungua kasha ndiyo hiyo inayotoka. Kinachotoka hupunguza ujazo, utando unakaza, na penye kinyweleo unashuka. Kwa hiyo gitaa linaloondoka kiwandani likiwa tambarare kabisa linaweza kuonyesha mbao yake baada ya msimu mmoja.

Tofautisha tu kuzama na vitundu. Mistari inayofuata mwelekeo wa mbao, laini kwa kidole, inayoonekana kwa mwanga wa ubavuni pekee, ni kuzama, na mimi binafsi naipenda: nahisi nimeshika mti. Vitundu vya mviringo vyenye ukingo mkali, vilivyotapakaa bila kufuata mbao, vilikuwepo siku ya kwanza. Ni hewa au kiyeyusho kilichochemka chini ya tabaka lililopigwa zito kwa pupa. Na ukikuta vishimo vya duara vyenye mdomo ulioinuka, mafundi huviita macho ya samaki, mahali hapo palikuwa na mafuta au silikoni na rangi ikakataa kukaa. Hivyo viwili vya mwisho ni makosa ya kiwanda. Cha kwanza ni tabia ya nitro, na aliyekuuzia alipaswa kukueleza siku unalipa.

*Gitaa langu shingo yake imefungwa kwa skrubu nne. Rangi ni nyeupe inayong'aa, nene. Pale shingo inapoingia mwilini kuna ufa mwembamba wa sentimita moja hivi, unaanzia kwenye kona. Lina siku tano tu. Rafiki yangu anasema mbao imepasuka. Sijalala vizuri tangu aliposema.*
Mpiga besi aliyehamia gitaa

Rafiki yako anaweza kuwa amekosea, na kuna uwezekano mkubwa kwamba amekosea. Hebu tulitazame.

Kampuni ya Fender katika miaka ya 1950 na 1960 walipuliza magitaa yao ya rangi maalumu kwa rangi za magari, Duco na Lucite za DuPont, na utando wake ulikuwa mwembamba. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 wakahamia poliesta. Magitaa mengi ya leo yanayong'aa hivyo, ya kampuni nyingi, yana poliesta au poliurethani. Poliesta inaweza kufika nusu milimita na kupita. Ni ngumu, inapendeza, haichubuki kirahisi, lakini haina ulegevu wa kufuata mbao inapovimba na kunywea. Sasa fikiria kona kali ya pale shingo inapokaa. Rangi hujikusanya kwenye kona ya ndani, shingo imechongwa kubana, skrubu zinakazwa. Rangi hupasuka hapo kabla ya kitu kingine chochote. Nyufa za aina hiyo nimeziona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwenye magitaa ambayo mbao yake ilikuwa nzima kabisa.

Namna ya kujua: fuata ufa unakoelekea. Ufa wa rangi huenda unapotaka, hukata mbao kwa mshazari, na huwa mfupi. Ufa wa mbao hufuata nyuzi, hunyooka, na mara nyingi ukiangalia upande wa pili wa kona unaukuta unaendelea. Pitisha ukucha. Kisha shika mwili kwa mkono mmoja, sukuma shingo taratibu sana kwa mwingine, huku mwenzako akimulika tochi. Ufa ukitulia, ni rangi. Ukipumua, ukafunguka na kufunga hata kwa unywele, legeza nyuzi za gitaa, lirudishe kwenye kasha, na siku hiyo hiyo mwandikie muuzaji. Usifungue skrubu kuchungulia ndani. Najua unatamani, lakini dhamana yako inaweza kuishia pale bisibisi inapoingia.

Hata ukiwa ufa wa rangi, siku tano ni chache. Uandikishe. Kwenye gitaa la bei kubwa ni haki kuomba lingine, kwa sababu kipande cha rangi kinaweza kubanduka hapo baadaye.

Na sasa niseme lile niliahidi. Kuna mahali ambapo mstari mwembamba kama unywele haustahili kuitwa rangi hadi uthibitike: nyuma ya kichwa, karibu na kiti cha nyuzi, kwenye magitaa ambayo kichwa kimelala nyuma kwa pembe na shingo imechongwa kutoka ubao mmoja. Hapo mbao ni nyembamba, ndani imechimbwa tundu la chuma cha kunyooshea shingo, na nyuzi za mbao zimekatwa fupi. Mwaka wangu wa pili chini ya taa nililishika gitaa la rangi ya kahawia iliyokolea, mstari wa milimita 9 mahali hapo. Nilipitisha ukucha, sikuhisi kitu. Nikasema ni klia imekauka vibaya, nikaweka alama ya kupita. Wiki tatu baadaye lilirudi vipande viwili. Mwenyewe alikuwa amelining'iniza ukutani tu. Hakunitukana, alileta barua ya mistari miwili akiuliza nilitazama nini siku ile. Tangu hapo mstari wowote mahali pale nimeupa jina la ufa wa mbao, na ni gitaa lenyewe lililopaswa kunithibitishia vinginevyo.

*Gitaa jeusi tii, jipya. Juani linaonyesha miviringo kama utando wa buibui kila mahali. Ni mikwaruzo?*
Mpenda nyeusi

Ni mikwaruzo ya gurudumu la kusugulia, au ya kitambaa kilichokauka cha mtu wa dukani aliyekuwa akifuta kila mteja anapoondoka. Imo juu kabisa ya klia. Nyeusi haisitiri kitu, ndiyo maana tulikuwa tukiipa mtu mwenye mkono mtulivu zaidi. Dawa laini ya kusugulia isiyo na silikoni, kitambaa laini, na fundi mwenye subira huiondoa yote. Sisitiza hilo la silikoni, kwa sababu ikiingia kwenye ufa au tundu la skrubu, siku utakapohitaji kupuliza upya mahali hapo rangi itakimbia. Hii si sababu ya kurudisha gitaa. Ni sababu ya kuomba wakusugulie bure.

*Gitaa lilisafiri siku nne kwenye baridi kali. Nililifungua mlangoni kwa furaha. Baada ya dakika kumi nikasikia mlio kama wa kioo, na mbele pote pamejaa nyufa nyembamba. Nani mwenye kosa?*
Aliyefungua mapema

Pole sana. Mlio huo naujua, na hauhitaji kusimuliwa mara mbili. Utando mwembamba wa nitro ulikuwa baridi, hewa ya ndani ilikuwa ya joto, rangi na mbao vikatanuka kwa kasi tofauti na rangi ikaachia. Sauti ya gitaa haijaguswa na nyufa hizo hazitadondosha mbao. Wako watu wanaolipa zaidi kwa gitaa lililopasuliwa rangi makusudi ili lionekane la zamani, lakini wewe hukuomba hilo.

Kuhusu kosa, tafuta karatasi ndani ya kasha. Watengenezaji wengi huweka onyo la kuliacha kasha limefungwa hadi lilingane na joto la chumba, hata saa 24 kukiwa na baridi kali. Kama onyo lilikuwepo, nje, kabla ya kufungua, itakuwa vigumu kudai. Kama lilikuwa ndani, chini ya gitaa, ambapo huwezi kulisoma bila kufungua, piga picha ya mahali lilipokuwa na uidai nafasi yako. Nimewahi kumsaidia mtu kuandika barua ya namna hiyo, na gitaa lilibadilishwa.

*Nina msasa laini sana, wa namba 2000, na mkono mwepesi. Ganda la chungwa dogo ukingoni siwezi kulitoa mwenyewe?*
Fundi wa nyumbani

Usifanye hivyo, tafadhali. Umetaja ukingoni, na ukingo ndio mahali pa hatari kuliko pote. Rangi inapopulizwa hukimbia ukingo wa nje na kukaa nene katikati, kwa hiyo utando wa ukingoni ni mwembamba kuliko unavyodhani. Msasa nao hufanya kinyume, hukandamiza ukingoni kuliko popote. Mipito mitano na umeona rangi ya chini, mipito saba umeona mbao. Nimemwona mtu mwenye mkono mwepesi kuliko wako na wangu akitoboa ukingo wa gitaa jeusi saa kumi na moja jioni, akaketi chini bila kusema neno.

Kuna na jambo la aina ya rangi. Nitro ikitoboka, tone jipya huyeyukia kwenye la zamani na fundi anaweza kuficha. Poliurethani na poliesta zimeshajifunga kikemia, tabaka la juu halirudi kuungana na la chini. Ukisugua hadi ukapita tabaka moja kuingia lingine, unabaki na mstari mwembamba unaozunguka kama mpaka kwenye ramani, na kila mwanga ukiupiga utauona. Na gitaa lililoguswa na msasa wa mnunuzi hakuna muuzaji atakayelipokea tena. Kama dhamana imekwisha na bado linakukera, nunua kipande cha mbao, pulizia klia, tobolea huko kwanza.

Na wewe uliyeandika kwamba shingo ya gitaa lako inanata na kwamba nyuma kumetokea alama mbili za mviringo zilizolainika: barua yako ni fupi mno nikakosa pa kushika. Niandikie tena uniambie ni nitro au poli (poliesta au poliurethani), stendi unayoliwekea ina mpira au sponji ya aina gani, na alama hizo zimekaa sawa na mikono ya stendi au hapana. Mpira wa stendi nyingi hutoa kemikali inayolainisha nitro, na kama alama zinalingana na stendi, litoe gitaa hapo leo usiku, lilaze kwenye kasha, na usifute alama hizo kwa kitu chochote hadi nikujibu.